Sita au Kenda, Bwana

Mama Nyokabi alizikwa Jumamosi. Baada ya maziko, bintiye, Nyokabi, ambaye siku hizi naye ni nyanya, alinishika mkono akanipitisha kando ya hema na masufuria, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ua ambacho bado hakijamezwa na ghorofa za kupangisha. Hapo chini ya mabati palikuwa na sanduku. La mbao, refu, la kusafiria, halina kifuniko, pembe moja imeliwa na mchwa, na ndani manyoya ya kuku na nyasi kavu.

"Mama alikataa kabisa tuipasue," alisema Nyokabi. "Kila nikishika shoka ananiambia, hiyo ni ya Mama Rosa, muulize yeye kwanza. Sasa uko hapa, nakuuliza. Hii kitu ni ya nini?"

Nilimwambia angoje kwanza nikae, miguu yangu si ya juzi. Akaniletea kiti cha plastiki na kikombe cha chai, akaenda kuwaangalia wageni. Nikabaki nikilitazama lile sanduku, na hasira ikanipanda vilevile kama ilivyonipanda nikiwa na miaka ishirini na miwili. Watu husema hasira huisha mtu akizeeka. Yangu haikuisha. Niliifundisha tu mahali pa kukaa, na kazi hiyo niliifanya mwaka mmoja, hapahapa Kangemi, nikiwa na mtoto anayenyonya na kazi niliyokuwa karibu kuipoteza.

Sanduku alilitengeneza mume wangu Yohana, fundi seremala, mwaka wa hamsini na nane, ili mimi na mtoto tufungiwe vyombo vyetu tupandishwe gari la moshi turudi Magharibi. Wanaume wengi wa kwetu waliishi hivyo. Mwanamume mjini, mke nyumbani kwa mama mkwe anapalilia mahindi, wanaonana likizo. Mimi nilikuwa nimekataa, na nilikuwa na sababu moja tu ya kukataa, kazi. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili kwa wamishonari, nikaajiriwa kwenye swichibodi ya kampuni moja iliyouza plau na vipuri vya trekta, mjini, nyuma ya Government Road, barabara ambayo leo mnaiita Moi Avenue. Kabla yangu alikuwa ameketi pale binti wa Kihindi, akaolewa akaondoka. Mimi nilikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti, na sikuambiwa hongera na mtu. Maadamu nilikuwa na kazi hiyo, hapakuwa na mtu wa kuniuliza nafanya nini Nairobi, awe askari awe mume. Nikiikosa, sina jibu kwa yeyote kati yao. Basi Rosa alipozaliwa nilirudi kazini damu ya uzazi haijakauka vizuri, kwa sababu niliambiwa nikichelewa nitakuta mtu mwingine kitini.

Chumba chetu kilikuwa kwa Mama Nyokabi, na kwa kweli kilikuwa chumba cha mumewe. Mwenyewe alikuwa amechukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, naye Mama Nyokabi hakupenda kuulizwa amepelekwa wapi. Koti lake lilibaki limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, nasi tuliambiwa tusiliguse, tukalala chini ya koti la mtu tusiyemjua. Kuta zilikuwa za udongo uliopakwa chokaa. Kitanda alikitengeneza Yohana, meza aliitengeneza Yohana, hata kijiko cha ugali alikichonga Yohana, na kila kitu kilinukia mbao mpya na mafuta ya taa. Asubuhi Mama Nyokabi alimpokea Rosa mlangoni, akamfunga mgongoni kabla hata sijamaliza kueleza analala saa ngapi. "Nimelea wangu na wa wenzangu," alikuwa akisema. "Wewe enda na simu zako." Alikuwa mwanamke mwenye mdomo. Ukuta kati ya chumba chetu na jiko lake ulikuwa mwembamba, na alitusikiliza bila kuona haya, wakati mwingine akatujibu kutoka upande wa pili.

Swichibodi, kwa wasioijua, ilikuwa ubao wenye matundu. Mtu akipiga, kijifuniko kinaanguka kwenye nambari yake. Unachomeka kamba, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka kamba ya pili kwenye tundu la huyo anayemtaka, wanazungumza. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu wake ni kwamba haikungoji. Ukifikiria jambo lingine, hata kama ni mtoto wako, kijifuniko kimeanguka, kingine kimeanguka, na kuna mtu anapiga kelele sikioni mwako. Nambari sita ilikuwa stoo. Nambari tisa ilikuwa mkurugenzi, mzee wa Kizungu mwenye sauti ndogo. Na kati ya hao wawili alikuwako meneja, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bwana Sasahivi, kwa sababu hapakuwa na jambo alilolitaka kesho.

Bwana Sasahivi alisema nami kile Kiswahili cha masetla, cha kuamrishia wapishi. Siku niliyokwenda kuulizia kazi nilimsalimu kwa Kiingereza, akanitazama, akasema, "Wewe naweza simu?" Nikamjibu tena kwa Kiingereza kwamba naweza. Akasema, "Kaa hapo." Tangu siku hiyo hakuniambia neno la Kiingereza hata moja. Hilo lingekuwa dharau tu, na dharau nilikuwa nimeizoea, lakini ulimi wake ulikuwa hautofautishi sita na tisa. Alitoa kitu kilichokuwa katikati, tita, siku nyingine sisa. Kabla ya kuzaa nilimwelewa kwa sauti. Akiwa ameikunja, anataka stoo. Akiwa ameinyoosha, anataka mkurugenzi. Sikuwahi kukosea. Kisha nikazaa, na masikio yangu yakabaki Kangemi.

Mnaosema mama hulisikia toto lake popote lilipo, mimi nawaambia ni kweli na ni adhabu. Nilimsikia Rosa kwenye mlio wa waya. Kila ilipokaribia saa yake ya kunyonya, maziwa yalinimwagika mpaka kwenye blauzi, nikaegemea mbele ili watu wasione, na huku nimeegemea hivyo naunganisha stoo na mteja aliyetaka mhasibu. Kwanza ilikuwa mara moja moja. Halafu ikaja asubuhi moja Bwana Sasahivi akapiga akasema, "Tita," nami sikusikiliza sauti imekunjwa au imenyooshwa. Nikachomeka tisa. Nilimsikia akianza kabla sijaondoa mkono. "Wewe nalala? Mjinga wewe, wapi plau yangu?" Mkurugenzi akamjibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba hajalala, na kwamba plau zote za kampuni ni zake yeye.

Bwana Sasahivi alikuja mpaka kwenye meza yangu uso umemwiva. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi naangalia wewe mpaka mwisho ya mwezi," alisema. "Kosa moja tena, wewe kwenda."

Jioni nilimweleza Yohana tukiwa tunakula ugali na kunde. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema polepole kama mtu anayepima ubao, "Basi tungoje mwisho wa mwezi." Kesho yake alikuja na mbao begani.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Mabaki tu. Tajiri amenipa."

"Baba Rosa, za nini?"

"Sanduku."

"La nani?"

"Mama Rosa, sikufukuzi," alisema. "Najitayarisha. Ukikosa kazi, hutabeba vyombo kichwani kama mkimbizi. Utasafiri kama mke wa fundi."

Kutoka jikoni Mama Nyokabi akasema, "Angalau mume yako inatengeneza sanduku. Yangu ilienda na shati tu."

Hakuna aliyecheka. Lakini nataka nimtendee Yohana haki, kwa kuwa hayupo ajitetee. Hakuwa mwanamume mbaya. Alikuwa anafikiri kwa mikono. Jambo likimsumbua, alilitengenezea kitu. Mimi nilichokiona ni kwamba nimerudi kutoka kazini, miguu inaniuma, mtoto ananivuta, na mume wangu amepiga magoti sakafuni akipiga randa mbao za kunirudishia kwa mama yake, tena kwa ustadi, akilaza kila ungio mpaka unyoya usipite. Angalau angelitengeneza vibaya.

Mjukuu wangu ana kazi Westlands, kwenye jengo la vioo. Aliniambia juzi kwamba hawezi kutuliza akili kazini, simu yake inalia kila saa, na kwamba analipa mtu amfundishe kupumua. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikajuta, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata mimi nilikuwa hivyo, tofauti ni kwamba sikuwa na mtu wa kumlipa. Nilichokuwa nacho ni mwezi haujafika nusu na sanduku linaota kuta. Sikukaa chini nikapanga. Mambo yalikuja moja moja, mengine kwa hasira, mengine kwa kuchekwa.

La kwanza nilichekwa na Mama Nyokabi. Aliona blauzi yangu niliyoianika, akasema, "Mama Rosa, ng'ombe isipokamuliwa inapiga ndoo teke. Wewe unapiga simu teke. Si ujikamue?" Nilikasirika siku nzima kufananishwa na ng'ombe, na siku iliyofuata nilibeba kikombe cha bati chenye kifuniko. Kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea karatasi nyuma ya ofisi. Bi Fernandes, mpiga taipu, Mgoa mwenye miwani na maneno machache, alinikuta nimesimama mlangoni nikiwa na kikombe, akaelewa bila kuambiwa. Akakalia swichibodi yangu dakika hizo, nami nikajifungia humo na marobota ya karatasi. "Haraka, Selina," alisema, "mimi si askari wa mlango." Lakini kila siku saa ileile alinyanyuka mwenyewe, hata sikuhitaji kumwomba. Nikitoka humo mwili ulikuwa umenyamaza. Kumbe nusu ya kile nilichokiita mawazo ilikuwa maziwa.

La pili lilikuwa miguu. Shule tulikoga maji baridi kabla ya somo la kwanza, na nililichukia jambo hilo kwa moyo wote, lakini nikakumbuka kwamba hakuna aliyesinzia katika somo la kwanza. Ofisini sikuweza kukoga. Nilivua viatu. Nikakanyaga saruji, na ile baridi ikanipanda mpaka magotini, na mradi nilikuwa naisikia nilijua niko wapi. Nikigundua siisikii tena, nilijua nimeshaondoka nimekwenda Kangemi, nikasogeza miguu mahali penye baridi mpya. Na mikono, isipokuwa na kamba, niliilaza mezani, yote miwili, sikuitia mdomoni, sikushikashika nywele. Nikaacha kula mezani. Nilikuwa natafuna nduma huku naunganisha simu, na nilikuwa sijui nimekula wala nimeunganisha. Sasa nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za nyuma zilizotazama uchochoro wa mapipa, nikala nduma yangu nikiitazama. Ilikuwa na ladha. Nilikuwa nimesahau.

Lakini hasira ndiyo iliyokuwa kazi. Zamani Yohana alinibeba kwa baiskeli mpaka Westlands, kwenye karakana yao, nami napanda basi hapo. Tangu sanduku lianze, kila tulipokaa kwenye baiskeli ile tulizozana, yeye anakanyaga, mimi naongea na mgongo wake, na nilifika kazini kichwa kimejaa majibu niliyokosa kumpa. Nikamwambia atangulie, nitatembea. Niliondoka mapema, na nikiwa peke yangu barabarani nikasema yote kwa sauti. Kutoka Kangemi mpaka njia ya kuingia Loresho, ambako wakati huo kulikuwa na mashamba ya kahawa tupu, nilikuwa namaliza na Yohana. Kuanzia hapo hadi Westlands ilikuwa zamu ya Bwana Sasahivi. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza alichoninyima, na kwa lugha ya kwetu pale nilipotaka yaume. Mtu mmoja wa maziwa alinipita na baiskeli akapunguza mwendo.

"Mama, unasema na nani?"

"Nitasema na wewe usipopita."

Akapita. Westlands palikuwa na duka la Mhindi, na basi lilisimama mbele yake. Nilipofika kwenye kizingiti cha duka lile nilifunga mdomo. Hata kama nilikuwa katikati ya tusi, nililikata. Hapo hasira inashuka, mimi napanda. Ndivyo nilivyojiambia, na mwanzoni lilikuwa neno tu, halafu likawa kweli. Jioni nikishuka niliikuta ikiningoja palepale, haijapungua hata kidogo, tukatembea pamoja mpaka nyumbani.

Wiki ikapita, nyingine ikapita, sikukosea. Wateja walianza kutambua sauti yangu. Nilirudia kila nambari niliyopewa kabla ya kuchomeka, hata aliyeitoa akinuna, na wengi walikuwa wakinuna. Kwa wote hilo lilitosha. Kwa Bwana Sasahivi halikunisaidia kitu. Akisema, "Tita," nami nikisema, "Sita, Bwana?" alijibu, "Ndiyo, tita, sasa hivi." Nikisema, "Tisa, Bwana?" alijibu vilevile. Na tangu siku ile ya mkurugenzi alikuwa ameikausha sauti yake, haikunjwi wala hainyooshwi, kama vile ananitega. Nilikuwa nimeituliza akili yangu, na sasa tatizo lilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine, mahali ambapo tabia zangu zote hazifiki.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa mlangoni nanyonyesha. Ndani, Yohana alikuwa anapiga msasa. Sanduku lilikuwa limekamilika pande zote na kitako, lilibaki kifuniko. Mama Nyokabi alikuwa anawaingiza kuku wake bandani, akiwahesabu kwa Kikuyu kwa sauti ya kuimba, kila mmoja na jina la kumtukania, na alipofika mwisho akakwama. "Kenda," alisema. Akatazama nyuma ya kuni, chini ya gari la mkono. "Kenda. Huyu mwingine ameolewa wapi?"

Nilikuwa nimelisikia neno hilo kila jioni na halikunigusa. Kwa Kikuyu tisa ni kenda. Lakini kenda ni Kiswahili pia, Kiswahili cha zamani. Kitabu chetu cha kwanza cha hesabu shuleni kilikuwa nalo, na mwalimu mmoja aliyetoka pwani hakusema neno jingine. Sita na kenda. Hata mlevi hawezi kuzichanganya. Nilimtoa Rosa titi, akalia, nikasema peke yangu, "Sita au kenda." Mama Nyokabi akafikiri namuuliza yeye. "Kenda, nimekwambia. Amka unisaidie kutafuta."

Jumatatu nikaanza. Mtu wa stoo alikuwa mzee wa Malindi, akanijibu "kenda" bila hata kushangaa. Bi Fernandes aliinua nyusi moja. Kisha kijifuniko cha Bwana Sasahivi kikaanguka.

"Tita," alisema.

"Sita au kenda, Bwana?"

"Nini?"

"Kenda, Bwana?"

Akaikata. Nikasikia mlango wake, kisha viatu vyake vikija kwenye korido. Nilikuwa na nafasi ya kuvaa vyangu na sikuvivaa, sijui kwa nini. Alisimama mbele ya meza yangu, kidole kimeelekea mlangoni.

"Wewe naambia mimi kwenda?"

Taipu ya Bi Fernandes ikanyamaza. Ndipo nikaelewa. Neno lake la kufukuzia watu, ndilo alilolisikia kutoka kwangu. Ameniambia mimi kwenda, na sasa, mwezi unakaribia kwisha, mwanamke wa simu amemwambia yeye kwenda. Ningeweza kucheka. Pia ningeweza kusema pole, Bwana, na kujieleza kwa Kiswahili chake, na angenifukuza hata kabla sijafika katikati. Hasira nilikuwa nimeiacha dukani kwa Mhindi, na nashukuru, kwa sababu kama ingekuwapo ningepiga kelele. Nilisimama juu ya saruji na nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya kuwajibia wateja. Nilisema, "Sikukuambia uende. Kenda ni tisa, kwa jina la zamani. Nimelitumia kwa sababu una neno moja kwa nambari mbili, na mimi siwezi kujua unamtaka mtu wa stoo au mkurugenzi mpaka umeshamtukana mmoja wao."

Alikikunja kidole. "Wewe jua Kizungu?"

"Barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa ya Kizungu," nilisema. "Uliisoma wewe."

Akashusha macho. "Viatu wapi?"

"Chini ya kiti. Baridi inaniweka macho."

Akarudi ofisini kwake, mlango ukafungwa. Bi Fernandes alinong'ona, "Selina, umejimaliza." Nami nilidhani hivyohivyo. Nilikaa. Nikalaza mikono mezani. Niliwaza sanduku, jinsi lilivyosuguliwa vizuri, jinsi mama mkwe atakavyolipapasa na kulisifu. Halafu nikaisogeza miguu mahali penye baridi.

Kijifuniko chake kikaanguka. Nikachomeka kamba. Nilisikia pumzi tu, kama mtu anayetafuta hatua gizani. Kisha akasema, polepole, kila silabi mahali pake, "Kenda."

"Kenda, Bwana," nilisema, nikachomeka tisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mwaka wote ulipo. Alikuwa amempigia mkurugenzi. Dakika ileile, kutoka kwangu moja kwa moja. Kwenye swichibodi kuna swichi ndogo. Ukiisukuma, unawasikia wanaozungumza. Kabla ya mwezi ule nilikuwa naisukuma mara nyingi, kila mtu wa simu aliisukuma, ndivyo tulivyojua nani anaachishwa na nani ana mwanamke Nakuru. Wale wawili walikuwa wakiamua maisha yangu umbali wa kidole. Mikono yangu ilikuwa mezani. Kijifuniko cha mteja wa nje kikaanguka, nikamhudumia. Kingine kikaanguka, nikakihudumia. Bi Fernandes alinitazama kama mwendawazimu. "Husikilizi?" alisema. Nikamwambia kuna simu ya Kitale inaningoja. Walipomaliza nilichomoa kamba zote mbili. Walichosema sikukijua siku hiyo, na mpaka leo sikijui.

Mwisho wa mwezi ulifika, hakuna aliyeniita. Siku ya kwanza ya mwezi mpya nilikwenda kitini kwangu, nikavua viatu, nikaketi, na kijifuniko cha kwanza kuanguka kilikuwa chake. "Sita," alisema, na kwa kuwa sasa neno tisa alikuwa ameliacha kabisa, sita yake ilianza kunyooka. Baada ya muda ofisi nzima ilisema kenda, hata wateja, hata mkurugenzi alipojaribu siku moja kuonyesha kwamba anajua Kiswahili. Pongezi sikupata. Mwenye kukaa kimya kazini haambiwi kitu, na kwa kutoambiwa kitu ndipo nilipojua nimebaki.

Jioni hiyo Yohana alikuja na bawaba mbili za shaba mfukoni, za kufungia kifuniko. Alikuwa amezinunua mapema, kabla hajajua. Nilikuwa napika, Rosa yuko mgongoni kwangu. Nikamweleza mambo yote kwa mara ya kwanza, kwa maana mwezi mzima hatukuwa tunasemezana zaidi ya ugali na chumvi. Nilipofika kwenye kenda na kwenda alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ukingo wa sanduku.

"Kwa hiyo amekuambia nini mwisho?" aliuliza. "Kwenda au kenda?"

"Kenda."

Akazitazama zile bawaba mkononi. Akazirudisha mfukoni. Kutoka jikoni Mama Nyokabi akasema, "Kama hamlitaki, kuku wangu wanalitaka." Yohana akalibeba akampelekea wakati huohuo, kama vile alikuwa anangoja mtu aseme. Bawaba zile alizitia baadaye kwenye kabati la Mzungu mmoja, na sanduku halikupata kifuniko. Mwaka uliofuata mume wa Mama Nyokabi alirudi, tukampisha chumbani kwake, koti likiwa palepale kwenye msumari.

Nyokabi alirudi akanikuta chai imepoa mkononi. Wageni bado walikuwa wanakuja, na sufuria kubwa ya pili ilikuwa haijachemka, kuni zao zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu. Akasimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni, sura ileile ya mama yake.

"Haya, Mama Rosa. Ni ya nini?"

"Lilikuwa la kunirudisha nyumbani," nilisema. "Sikurudi. Lete shoka."

Akaniangalia kama hajasikia vizuri. "Tuipasue kweli?"

"Pasua. Mbao za Yohana zilikuwa kavu siku zote."

Kijana mmoja akaitwa, na ungio la kwanza lilimsumbua, ilibidi apige mara nyingi, na kila alipopiga nilimsikia Yohana akisema, taratibu, taratibu. Halafu likaachia. Wakazipeleka mbao motoni chini ya sufuria. Nikaomba kikombe kingine, cha moto.